Tenga la Kushukia Mlima

Asubuhi nyumbani kwa Shadia ilikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ni panga la mumewe, Stambuli, likipasua mianzi uani. Ya pili ni cherehani ya Shadia barazani. Waliishi Mji Mpya, Morogoro mjini. Stambuli alisuka matenga ya nyanya na ya kuku. Shadia alishona mifuko na mikoba. Mtoto wao Said akishakwenda shule, panga na cherehani viliongea mpaka adhuhuri.

Siku moja wakaja akina mama kutoka milimani, juu ya Morningside. Kiongozi wao aliitwa Mwanahawa. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili.

"Shikamoo, mama," Shadia alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Tumeambiwa hapa ndipo kwa fundi wa matenga. Tuna shida."

Shida yenyewe ilikuwa hii. Akina mama hao walilima stroberi. Walishuka nazo mjini wakiwa wamezibeba kichwani kwenye ndoo. Hosiana, mwenye duka la matunda kule Mazimbu, alikubali kununua stroberi zao zote za msimu ili azipeleke mahotelini. Alitoa sharti moja tu: ziwe nzima. Lakini zilikuwa zikifika zimepondeka.

"Mnataka tenga la namna gani?" Stambuli aliuliza.

"Kubwa," alisema Mwanahawa.

"Na imara," mwenzake akaongeza.

"Na liwe na kifuniko, jua lisiingie."

"Basi?"

"Basi, baba. Tenga si tenga tu?"

Stambuli alifurahi. Alisuka tenga la kila mwanakikundi, na mianzi yote ya uani ikaisha. Matenga yalitoka mazuri, makubwa, yenye vifuniko vilivyokaa sawasawa. Majirani walisimama kuyatazama. Akina mama waliyachukua kwa vigelegele.

Wiki iliyofuata Mwanahawa alirudi. Safari hii hakupiga kelele. Aliweka tenga chini na kufungua kifuniko. Maji mekundu yalikuwa yakivuja kwenye mianzi.

"Tazameni wenyewe," alisema. "Za chini zimekuwa uji. Za juu zimetoa jasho. Hosiana amezikataa. Amesema atatupokea mara moja tena. Zikifika hivi, anatafuta wakulima wengine."

Stambuli alipandwa na hasira. "Mlisema kubwa, nikasuka kubwa. Mlisema kifuniko, nikaweka kifuniko. Kosa langu liko wapi?"

"Tulisema kweli, baba. Ndicho tulichodhani tunakitaka."

Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Hata hivyo waliagana bila kutazamana usoni.

Mwanahawa alipoondoka, Stambuli alitupa panga lake kwenye kona. "Mimi nimechoka, Mama Said. Kuna rafiki yangu ameniita mashamba ya miwa. Nitakwenda kukata miwa. Huko mtu anaambiwa kata, anakata."

Shadia aliitazama mikono ya Stambuli. Mumewe alikuwa fundi wa kweli. Mikono ile ikatwe na majani ya miwa?

Wakati huo jirani yao, Yustina, alibisha hodi. Alikuwa amefuata mkoba wake uliokatika mkanda. Yustina alifundisha ufundi katika chuo kimoja cha pale mjini. Aliliona tenga, akainama, akaligusa.

"Kazi nzuri hii. Sasa mbona inalia?"

Shadia alimweleza yote. Yustina alisikiliza hadi mwisho.

"Mliwauliza wanataka nini?"

"Tuliwauliza," Stambuli alijibu.

"Na mkafanya walivyosema?"

"Vilevile, Mwalimu! Ndiyo maana nauliza nimekosa nini!"

Yustina alivuta kigoda akakaa. "Kaka Stambuli, mtu akitaka tenga la kuku atakueleza vizuri, maana amelitumia tangu utotoni. Lakini hawa wanataka kitu ambacho hawajawahi kukiona. Hawawezi kukueleza chote. Hawakufichi. Hawajakijua bado. Watakijua wakikitumia."

Shadia akapiga paja. "Hata nguo iko hivyo! Mteja huniambia, nishonee gauni la mikono mirefu. Nikimjaribisha, ndipo anasema kumbe kwapani panabana."

"Eeh! Na wewe humjaribisha lini?"

"Kabla sijamaliza. Nikiwa nimepiga bandi tu, ile mishono ya muda."

"Basi na tenga lipigieni bandi," alisema Yustina. "Msitengeneze mengi kwanza. Tengenezeni moja, la harakaharaka, kwa vitu vilivyopo. Maboksi, kamba, kitambaa kuukuu. Mpeni mtu mmoja alitumie kwenye kazi yake ya kweli. Nendeni naye. Angalieni anachofanya, siyo anachosema tu. Rekebisheni, mjaribu tena. Kosa kwenye tenga moja ni dogo. Kwenye matenga yote, mnaona wenyewe."

"Nimpelekee mteja kitu kibaya?" Stambuli alishangaa. "Nitachekwa."

"Mwambie mapema kwamba ni cha kujaribu. Kitu kikiwa kizuri sana, watu huona haya kukikosoa. Kikiwa cha maboksi, kila mtu atasema lake."

Stambuli alitikisa kichwa. Lakini Shadia alikuwa ameshasimama. "Nitakwenda mimi," alisema.

Alikata maboksi akapata trei tatu pana, zenye kina kifupi. Alizipanga moja juu ya nyingine. Akashona mikanda miwili kutoka begi kuukuu la Said, ili mzigo ubebwe mgongoni. Kazi yote ilikwisha kabla chai haijapoa.

Kesho yake alipanda mlima. Pikipiki ilimfikisha mwisho wa barabara, akamalizia kwa miguu. Mwanahawa alikuwa shambani na mama mmoja kijana aitwaye Asia. Mwanahawa alipoyaona maboksi alicheka hadi akashika kiuno.

"Mwanangu, hili ndilo tenga?"

"Ni la kujaribu tu, mama. Ukiona ubaya sema. Usinionee haya."

"Mimi nione haya? Ngoja!"

Wakaanza kushuka. Mwanahawa alivaa mgongoni maboksi yaliyojaa stroberi, na Asia akajitwika ndoo kama kawaida. Shadia alikuja nyuma yao, macho yote kwenye mikono yao.

Njia ilikuwa na utelezi. Penye mteremko mkali, Asia alishika mizizi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akashikilia ndoo. Ndoo iliinama. Shadia akasikia stroberi zikiporomoka ndani, zikigongana. Kumbe hapa ndipo zinapopondeka! Si kwa sababu ya jua hata kidogo.

Mwanahawa, mzigo ukiwa mgongoni, alishika mizizi kwa mikono miwili. Alishuka kama binti wa shule. "Weee!" alipiga kelele. "Shadia! Shingo yangu iko huru!"

Walipofika kijitoni, Mwanahawa alimtua Asia ndoo yake ili apumzike.

"Ukiwa peke yako, mama, nani anakutua?" Shadia aliuliza.

"Hakuna. Nikiwa peke yangu sipumziki. Naenda hivyohivyo mpaka mjini."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tukuambie nini? Ndivyo tunavyotembea siku zote."

Shadia alisisimka. Kila hatua ilikuwa inamfundisha. Alimgeukia Asia. "Sasa jaribu wewe, mdogo wangu. Vaa mgongoni."

Asia aligeuka taratibu. Mgongoni, ndani ya kanga, mtoto wake alikuwa amelala fofofo.

"Nitaliweka wapi, dada?"

Shadia aliachama. Alikuwa amemwona yule mtoto tangu shambani, tena amemshika shavu. Lakini hakuwaza kwamba yuko palepale pa kuvaa tenga. Akaanza kucheka, na wenzake wakacheka, mpaka mtoto akaamka.

Dukani Mazimbu, Hosiana alifanya kama siku zote. Aliingiza mkono kwenye ndoo ya Asia mpaka chini, akakoroga, akatoa kiganja chekundu. Kisha akaletewa maboksi. Aliinua trei ya kwanza, akaona kila tunda bila kugusa. Ya pili vilevile. Ya tatu, ya chini kabisa, ilikuwa imelowa chapachapa kwa jasho la matunda.

"Hii ya chini hapana," alisema. "Lakini hizi mbili nazichukua. Endeleeni kujaribu, nitawasubiri. Nani amefikiria jambo hili?"

Shadia hakungoja sifa. Alifika nyumbani akitweta.

"Baba Said! Siyo jua! Ni mteremko! Na trei inataka kupitisha hewa. Na Asia ana mtoto mgongoni. Na Hosiana anakoroga!"

"Pole pole, mke wangu. Nani anakoroga?"

Alimweleza tangu shambani hadi dukani. Stambuli alisikiliza akiwa amekaa. Katikati ya habari alisimama. Kabla haijaisha, alikuwa ameshakwenda kwenye kona kuchukua panga.

"Trei nitazisuka kama nyungo ndogo," alisema. "Zenye nafasi, zipumue. Kila moja na vimiguu, isikalie matunda ya chini yake. Na mikanda iwe ya kuvua. Asiye na mtoto avae mgongoni. Mwenye mtoto aweke kichwani juu ya ngata."

"Lakini Asia akiweka kichwani, utelezi je?"

"Zikiwa kwenye trei fupi hazina pa kuporomokea. Tutaona. Nasuka moja tu!"

Safari ya pili alipanda Stambuli mwenyewe. Alirudi jioni, tope mpaka magotini, uso unang'aa.

"Limeharibika?" Shadia aliuliza kwa wasiwasi.

"Halijaharibika. Lakini mkanda unavuta mtandio. Mama Mwanahawa amefika kijitoni kichwa wazi, ananigombeza huku anacheka. Mimi ningejuaje? Nimevaa mtandio lini?"

Shadia aliishusha mikanda chini ya bega na kuipanua. Wakajaribu tena. Safari hii akina mama wenyewe walikuwa na mapendekezo. Mmoja alitaka kitanzi cha kuning'inizia mzigo kwenye tawi. Kilijaribiwa, kikaonekana kero, kikaondolewa. Asia alitandika majani ya mgomba kwenye kila trei. Hilo halikuwa wazo la fundi, na lilikuwa zuri kuliko yote. Mvua ikinyesha bado ilikuwa tabu, na Shadia aliwaambia ukweli kwamba dawa yake hajaipata.

Siku ya kumpelekea Hosiana mzigo wa mwisho wa majaribio, wote walikwenda. Yustina pia alikuwepo. Mwanahawa alivua mzigo mgongoni peke yake, bila kutuliwa. Asia aliteremsha wake kutoka kichwani. Hosiana akainua trei moja baada ya nyingine. Stroberi zilikuwa zimelala juu ya majani ya mgomba, nzima, na vikonyo vyake bado vya kijani.

Hosiana aliinua kichwa. "Leteni zote," alisema. "Msimu wote."

Vigelegele vya Mwanahawa vilisimamisha pikipiki barabarani. Alimkumbatia Stambuli mpaka kofia ikamdondoka. Ndipo Stambuli akanunua mianzi mingine na kusukia kikundi kizima. Safari hii alisuka bila wasiwasi, maana kila alichosuka kilikuwa kimeshapita kwenye ule mteremko.

Habari zilienea. Mwezi uliofuata alikuja mkulima wa mpunga kutoka Dakawa, jina lake Editha. Alitaka vitu vya kubebea miche ya mpunga kutoka kitaluni hadi majarubani. Alisema anataka vingi, tena upesi.

"Viweje?" Stambuli aliuliza.

"Vikubwa," alisema Editha. "Na imara."

Stambuli na Shadia walitazamana. Shadia aliziba mdomo kwa kanga asicheke.

"Dada Editha," alisema Stambuli kwa heshima, "tutakutengenezea kimoja kwanza. Kitakuwa kibaya. Tena nitakileta mwenyewe, nikibebe na wewe shambani."

Editha alishangaa, lakini alikubali.

Siku ya kujaribu, Shadia alikuwa kwenye cherehani simu ilipolia. Alisikia maji yakichapwa na sauti za watu wanaopanda mpunga. Kisha akamsikia mumewe, anapiga kelele kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Mama Said! Tenga linavuja! Maji yote ya miche yananiingia shingoni!"

"Sasa mbona unafurahi?"

"Kwa sababu nimejua leo, na tenga ni moja tu! Hebu kata kipande cha turubai. Narudi sasa hivi!"

Shadia alishachukua mkasi.