Asali Iliyopokelewa kwa Mikono Miwili

Mwaka 1953 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na pale kijijini Itobela nilikuwa na sifa moja tu: adabu. Wenzangu walisifiwa kwa hesabu au kwa mbio. Mimi Apolinaria nilisifiwa kwa kupiga goti. Kila asubuhi nilichota maji, nikafagia uwanja na kumkorogea baba uji kabla ya kwenda shule ya misheni. Nyumba yetu ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Tabora, na wapita njia wote niliwaamkia, hata wasiokuwa na haja ya kuamkiwa.

Baba yangu, Dionis, alikuwa hakimu wa baraza la wenyeji. Kila Jumamosi alivaa koti lake la kaki, akapanda baiskeli na kwenda kuamua kesi za watu. Mambo ya barazani hakuyaleta nyumbani kabisa. Ukimwuliza, alikutazama tu mpaka ukakumbuka kwamba una kazi jikoni.

Mwezi ule mama alikuwa Tabora, akimwuguza bibi katika hospitali ya Kitete, kwa hiyo nyumba ilikuwa mikononi mwangu. Alhamisi alasiri nilikuwa natwanga mtama niliposikia hodi. Alikuwa Mzee Masolwa, mnunuzi mkubwa wa nta, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Alifuatana na mfanyakazi wake, na mkononi alikuwa na kibuyu cha asali. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba.

"Ni salamu tu kwa baba yako," alisema. "Mwambie Masolwa alipita."

Kwetu Unyamwezini, kumkatalia mgeni alicholeta ni kumtukana. Nilipiga goti, nikakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kisha nikafanya kama mama alivyonifundisha. Nilimimina asali kwenye chungu, nikaosha kibuyu, nikakijaza karanga, maana kumrudishia mtu chombo kitupu ni aibu ya nyumba nzima. Masolwa alimwonyesha mwenzake zile karanga, akacheka kidogo. Mimi nikadhani amefurahishwa na malezi yangu! Jioni baba alirudi amechoka, akala na kulala mapema, nami nikasahau kumwambia.

Kesho yake shuleni, Imakulata, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, hakufungua hata daftari. Mama yake, Kashindye, alikuwa mjane. Marehemu mumewe aliwaachia mizinga ya nyuki kumi na minane msituni, na hiyo ndiyo iliyowalisha na kuwavisha. Sasa Masolwa alidai kwamba mizinga ile ni yake, na kweli kila mmoja ulikuwa na alama ya Masolwa nje. Kesi ilikuwa Jumamosi. Wakishindwa, Imakulata aliniambia, mama atawapeleka kwa wajomba Nzega, na yeye shule basi tena.

"Halafu Masolwa anatamba sokoni kwamba kesi imekwisha," alisema. "Anasema ameshakula karanga za hakimu. Ni kweli, Apolinaria?"

Nilifungua daftari langu, nikajifanya nasoma.

"Sijui," nikamjibu.

Nilijua vizuri sana. Siku ile nilirudi nyumbani nimeazimia kumwambia baba kila kitu. Alikuwa uwanjani akipaka mnyororo wa baiskeli mafuta, nami nilimwendea mara tatu na mara tatu nikarudi jikoni. Niliogopa fimbo, lakini zaidi niliogopa Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya Mwingereza, asije akamfukuza baba kazi. Nikakificha chungu nyuma ya gunia la mtama. Nikajifariji kwamba baba ni mwadilifu na ataamua haki, asali iwepo isiwepo, sasa ya nini kuchokoza mambo? Uoga una maneno matamu jamani.

Jumamosi nilikwenda barazani kwa kisingizio cha kumpelekea baba viazi. Watu walikuwa wamejaa mpaka nje. Kashindye alisimama upande mmoja wa meza, na Masolwa upande wa pili, ndani ya kanzu nyeupe. Kabla ya kuanza, baba aliwauliza wote wawili, kama ilivyokuwa desturi yake, kama kuna asiyetaka kesi isikilizwe naye. Kashindye akasema kwamba sokoni amesikia nyumba ya hakimu imepokea asali ya Masolwa, na alitaka kusikia kwa kinywa cha hakimu mwenyewe.

Baba aliinuka. Sikuwahi kumwona amekasirika vile.

"Nyumbani kwangu hakijaingia kitu cha mtu yeyote mwenye kesi," alisema. "Karani, andika hivyo."

Karani akaandika. Nilimtazama Masolwa nikitegemea abishe, lakini aliinamisha kichwa kwa utulivu.

"Hakimu amesema mwenyewe," alisema taratibu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Masolwa alikuwa amemshika baba. Baba akimpa Kashindye mizinga yake, Masolwa atamsimamisha yule mfanyakazi aeleze habari za kibuyu na karanga, na baba ataonekana mwongo mbele ya kijiji kizima. Mtoto mwenye adabu hasemi mbele ya wazee bila kuulizwa. Mimi nilisimama.

"Baba, asali ipo nyumbani," nilisema. "Niliipokea mimi juzi, nikampa na karanga. Sikukwambia."

Baba alikaa polepole kama mtu mgonjwa. Aliniuliza ni siku gani, nani alikuwepo, na asali iko wapi, nami nikajibu yote huku nalia. Akamtuma tarishi kwa baiskeli aende akailete, na chungu kikawekwa mezani watu wote wakione. Karani alitaka kufuta yale maneno ya kwanza. Baba akamkataza, akamwambia aandike chini yake kwamba hakimu alisema kabla ya kuuliza nyumbani kwake.

Masolwa akasema zile zilikuwa salamu tu, kesi iendelee. Wazee wa baraza nao wakasema kosa ni la mtoto. Hata Kashindye, aliyehofu kucheleweshwa kwa kuwa msimu wa kurina asali ulikaribia, alisema sasa anamwamini hakimu.

"Hapana, mama," baba alisema. "Nikikupa wewe mizinga, watasema najisafisha. Nikimpa yeye, watasema nimeshiba asali yake. Kesi hii mimi siiwezi tena."

Palepale akamwandikia Bwana Shauri barua, akaeleza yote na kuomba hakimu mwingine. Wiki ile ilikuwa ndefu kwangu. Imakulata alihama dawati. Nilimfuata nikamwomba radhi kwa ile "sijui" yangu, akaniambia tusubiri Jumamosi. Baba hakunipiga wala hakunikaripia, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Jumamosi akaja Silasi, hakimu wa baraza la mbali, asiyemjua Masolwa wala Kashindye. Baba alikaa na watu wengine, akaapishwa na kuulizwa maswali kama shahidi yeyote. Kisha Silasi alituongoza wote hadi msituni, akaamuru mizinga iteremshwe na vifuniko vifunguliwe. Nje kulikuwa na alama ya Masolwa, ambayo bado ilikuwa mpya. Ndani ya kila kifuniko kulikuwa na alama ya marehemu, iliyochomwa kwa chuma cha moto na kufunikwa na nta ya miaka mingi. Kashindye alikuwa amesema hivyo tangu mwanzo. Palepale Silasi akaamua, na mizinga yote kumi na minane ikarudi kwa mwenyewe. Jumatatu Imakulata alirudi kwenye dawati letu.

Baba naye alipata barua ya onyo kutoka kwa Bwana Shauri. Ilikuja imefungwa, hakuna aliyejua ila sisi. Jumamosi iliyofuata, kabla ya kesi yoyote kuitwa, alisimama akaisoma mbele ya watu neno kwa neno, mpaka pale palipoandikwa kwamba likitokea jambo kama lile tena ataondolewa kazini. Alipomaliza, aliuliza kama kuna asiyemtaka. Wa kwanza kujibu alikuwa Kashindye.

"Keti, hakimu," alisema. "Watu wana kesi zao."

Tulirudi nyumbani kwa miguu, baba akisukuma baiskeli. Nilimwuliza kwa nini alijiaibisha kwa barua ambayo hakuna aliyeijua.

"Kile kiti si changu, mwanangu," alisema. "Nimekalishwa na watu ili niwaamulie mambo yao. Zawadi ya mwenye kesi, hata ikiwa ndogo namna gani, ikataeni, na mkikosea niambieni siku ileile. Wewe ulificha chungu kimoja siku mbili tu, na Imakulata nusura akose shule. Sasa fikiri mimi nikianza kuwaficha watu mambo ya kazi yao, ni watoto wangapi watakosa?"