Dawa Aliyoiandika Rafsan

"Nusaiba, sema uliniona nikiandika mara moja kwa wiki. Basi, sikuombi kingine."

"Nilikuona ukiandika kila siku, Rafsan."

Walikuwa nje ya chumba cha baraza la madaktari, Dhaka, chai imewapoa mikononi. Walikuwa wachumba, wote madaktari wa hospitali moja ya mji wa Rajshahi. Mgonjwa wa Rafsan, Bi Rokeya, aliandikiwa dawa kali ya maumivu ya viungo, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki. Aliimeza kila siku. Mdomo ukajaa vidonda, damu ikaisha nguvu, akafa. Cheti cha dawa kilipotea, na muuza dawa akawekwa ndani, akidaiwa kukosea maelekezo.

"Yule duka lake limeshafungwa," Rafsan akanong'ona. "Hana cha kupoteza tena."

"Kwa hiyo tummalizie?"

Mlango ukafunguliwa, wakaitwa.

Ndani, mwenyekiti akauliza, "Daktari Nusaiba, uliona nini?"

"Aliandika kila siku. Nilikuwa nimesimama naye, tunabishana habari za sari ya harusi. Nilikiona cheti, nikaendelea kucheka naye, nikapita. Muuza dawa hana kosa la kuandika."

Rafsan akainamisha kichwa.

Alifungiwa kutibu miaka mitatu. Nusaiba akapewa onyo kali. Jioni hiyo mama yake Rafsan akapiga simu.

"Mke gani anamchimbia mumewe kaburi, binti yangu? Pete nitamtuma mtu aifuate."

"Sawa, mama."

Nusaiba alilia mpaka sauti ikakauka.

Mvua zilikuja zikapita, Rafsan kimya. Kisha ujumbe ukaingia: "Nimetoka kwa mume wa Bi Rokeya. Nimemwambia ni mimi."

Nusaiba akapiga hapohapo.

"Alisemaje?"

"Alinipa maji. Akaniambia mkewe alikuwa ananisifu kwa majirani. Nilikuchukia, Nusaiba. Sasa sina hata hiyo nguvu. Bado unanitaka?"

"Njoo Ijumaa uongee na baba."

"Mama hatakuja."

"Basi njoo peke yako."

Kadhi aliwafungisha ndoa bila ngoma wala wageni. Mama mtu hakutia mguu.

Asubuhi ya kwanza Nusaiba alipotoka kwenda hospitali, Rafsan alibaki mlangoni na kandambili zake, hana pa kwenda.

"Soma cheti mara mbili kabla hujampa mtu," akamwambia.

"Nitasoma."

Akasimama pale mpaka riksho ikakata kona.