Haidrojeni ya Pili

Bahiat alikuwa akiandika swali la kemia kwa chaki nyuma ya mlango wa uani, mchumba wake Mouhidine akimsikiliza, mlango uliposukumwa kutoka nje. Kijana mgeni akaingia, bega limejaa chaki aliyoifuta mlangoni.

"Hodi. Naitwa Combo, natoka Mutsamudu, kisiwa cha jirani. Namtafuta binti anayejua sayansi."

"Ana mchumba," Mouhidine alisema.

"Sikuuliza hilo, kaka."

Mama Zaitoun, mama yake Bahiat, aliyekuwa akimenya ndizi, akacheka chini kwa chini.

Combo akaeleza. Tangu uhuru, walimu Wafaransa wameondoka. Serikali ya Ali Soilih inataka wanafunzi wakubwa wawafundishe wadogo, na shule yake haina mtu wa kemia.

"Kesho asubuhi nitampa maswali. Akiyaweza, Ijumaa tunapanda meli."

"Mnapanda nani na nani?" Mouhidine akauliza.

"Mimi na mwalimu wetu mpya."

Bahiat akampa mgeni kitambaa chake ajipanguse. Mouhidine alikijua kitambaa kile. Alikinunua yeye, soko la Volo Volo.

Combo alipotoka, Mouhidine akasema, "Sasa kitanuka Mutsamudu."

"Wivu utakukaanga. Uliniahidi nini tulipoanza masomo?"

"Kila ukikosea, nitakwambia."

"Basi angalia hili. Asidi ya sulfuriki, mililita ishirini. Inamalizwa na mililita ngapi za haidroksidi ya sodiamu yenye ukolezi uleule?"

Akaandika: ishirini.

Mouhidine alijua ni arobaini. Asidi ile hutoa haidrojeni mbili, na Bahiat kila mara aliisahau ya pili. Akauangalia mlango, akaiona akilini meli ya Ijumaa.

"Ni sawa?"

"Sawa."

Bahiat akatabasamu kwa furaha. Tabasamu lile lilimuuma Mouhidine kuliko kitambaa.

Mouhidine alipoaga, Mama Zaitoun hakuinua macho kwenye ndizi zake.

"Mwanangu, nyumba hii tumemjengea Bahiat. Mkioana, wewe ndiye utakayehamia hapa. Mgeni hamfungii mwenye nyumba mlango."

Maneno hayo yalimfuata vichochoro vyote vya mtaa wa Badjanani. Asubuhi, baada ya swala, alirudi na kumkuta Bahiat ameshika chaki.

"Ni arobaini," alisema.

Bahiat akageuka polepole. "Jana ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa ajili ya kitambaa?"

"Kwa ajili ya meli."

Bahiat alifuta ishirini kwa kiganja, akamnyooshea chaki.

"Nieleze tangu mwanzo. Na usinihurumie."

Akamweleza. Bahiat akakokotoa tena peke yake, kisha swali jingine, kisha jingine. Haidrojeni ya pili haikumponyoka tena.

"Nikiwa Mutsamudu, nani ataniambia nikikosea?"

"Niandikie. Nitakujibu."

"Na ukikosea wewe?"

"Niambie. Hata mbele ya mama."

"Mbele ya mama hasa," Mama Zaitoun alisema kutoka jikoni.

Combo akabisha hodi. Bahiat alitaka kwenda, lakini Mouhidine alikuwa amekwisha kushika komeo. Akaufungua mlango mwenyewe, taratibu, ili bega la mgeni lisiifute arobaini.