Kadi ya Leonidas

Jua lilikuwa linazama nilipotoka Sumbawanga mjini na kadi mpya ya pikipiki mfukoni. Majina yangu yote matatu: Victor Teodori Kazumba. Bima ndogo nimelipa, mwaka mzima. Procedure ni procedure. Degree imekaa kabatini miaka minne haijanipa hata kazi ya kupima mahindi, basi angalau niendeshe boda kihalali.

Huku kwetu watu hawabadilishi kadi. Mtu ananunua pikipiki ya mkononi, anaiendesha mpaka inachakaa, kadi bado ya mmiliki wa kwanza. Ujinga mtupu, so local. Hata mzee Ndalahwa, mfugaji wa Laela aliyeniuzia, alinisihi.

"Endesha na jina la Leonidas, mwenyewe wa kwanza, hivyo hivyo."

"Leonidas si alikufa, mzee?"

"Ndiyo maana nakwambia, msomi. Acha."

Nikamcheka usoni. Nikamtafuta Scola, mjane wa Leonidas na msimamizi wa mirathi. Alisaini bila kusoma. Kisha akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akashukuru... kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ningepaswa kujiuliza. Sikujiuliza.

Barabara ya Laela ilikuwa tupu. Baridi ile ya Ufipa, inayopenya koti. Mahindi makavu pande zote mbili, yanasuguana.

Shokapu ya nyuma ikashuka.

Taratibu, kama abiria anapopanda. Nami nilikuwa spidi sitini.

Harufu ikaja. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi... na ulezi uliooza. Kitu kikaegemea mgongo wangu. Hakikuwa na joto.

"Leonidas?"

Sauti ilikuwa ndani ya helmeti yangu.

"Leonidas... alikufa."

"Wote hunijibu hivyo." Kikanusa mfuko wa shati langu. "Leo jina ni la mtu anayepumua. Victor Teodori Kazumba."

Hilo la tatu hapa Laela hakuna anayelijua. Lipo kwenye vyeti tu. Na kwenye kadi.

Sikumbuki nilivyofika kwa Ndalahwa. Nakumbuka nikigonga mlango, na taa ikizimwa ndani.

"Umebadilisha," alinong'ona. Halikuwa swali.

"Nataka jina la Leonidas lirudi."

"Bhebhe, wewe kijana, umesomea wapi? Nani atamwandikisha maiti? Ofisini wanataka alama za vidole." Alikohoa. "Leonidas alikwenda kwa watu wake wa uganga, akataka pikipiki isiyoanguka. Ikampa miaka minane bila mchubuko. Aliahidi nini, sijui. Ninachojua, mwenye jina ndiye anayedaiwa. Sisi tulioiendesha baada yake tulijificha nyuma ya marehemu. Kinauliza, tunasema alikufa, kinashuka. Wewe umekipa mtu."

"Ungeniambia."

"Ungenicheka."

Ningemcheka. Hilo ndilo lililonitia hasira zaidi.

Nyuma yangu, kwenye siti, kitu kikajisogeza.

"Huyo wa ndani," kikasema, "nilishapanda naye sana. Hajawahi kunipa jina."

Ndalahwa alisikia. Nilijua kwa jinsi pumzi yake ilivyokatika.

"Mwanangu... usinitaje. Nina wajukuu humu."

Miaka minne nimeambiwa subiri. Subiri interview, subiri simu, subiri wenye watu wao. Nimechoka kuwa mimi kila siku. Why always me?

Nikalitaja. Jina lake, la baba yake, la babu yake, kama alivyoyaandika kwenye hati ya mauziano. Kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio.

Siti ikapumua. Nyayo zikazunguka nyumba kwenda mlango wa nyuma, bila haraka. Ndani, mtoto akaanza kulia, kisha akanyamaza ghafla.

Niliwasha nikaondoka. Pikipiki ilikuwa nyepesi kama baiskeli.

Walimzika mzee Ijumaa. Sikwenda. Wanasema ni presha, na mimi nasema hivyo hivyo nikiulizwa.

Lakini tangu Ijumaa, kila magharibi, mtu anagonga dirisha langu. Ananiita majina yote matatu, kama yalivyo kwenye kadi.

Sauti ni ya Ndalahwa. Haina hasira hata kidogo.