Hisa ya Maandazi Kumi na Mawili

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Mastura alikuwa na kazi moja: kushusha ndoo ya maandazi ya bibi yake kutoka nyumbani kwao, juu kwenye mawe ya Igogo, mpaka kwenye baraza la duka la Mzee Mohanlal. Njia ni mteremko mtupu, na maandazi ya Bibi Safia yalinukia iliki. Kwa hiyo ndoo mara nyingine ilifika pungufu. Bibi aliyahesabu, akautazama mdomo wa mjukuu wake uliong'aa mafuta, akasema tu, "Leo mteremko umekula mawili."

Baraza lile lilikuwa na wenyewe. Ndani, Mzee Mohanlal aliuza vitambaa, zipu na vifungo, kama baba yake alivyouza. Nje, upande wa kulia, Mjomba Khalidi alishona kwa cherehani yake. Upande wa kushoto alikaa mama yake, Bibi Safia, na ndoo. Katikati yao yalipita maneno kutwa nzima.

"Mama, haya maandazi yanazidi kuwa madogo," Khalidi alilalamika kila siku.

"Ni mdomo wako unaozidi kuwa mkubwa," Bibi alimjibu kila siku.

Jumatano moja Mjomba Khalidi hakulalamika. Alikuwa amesimama, tepu ya kupimia shingoni, simu mkononi, macho yamemtoka kama aliyeona suruali ikitembea yenyewe.

"Mama! Benki ya Ghuba! Mwaka jana imepata faida ya shilingi mia nne na themanini kwa kila hisa! Na hisa yenyewe inauzwa elfu mbili na mia nne. Mjini watu wanagombania!"

Hisa ni kipande cha kampuni. Ukiwa nacho, nawe ni mmoja wa wenye mali, hata kama kipande chako ni kidogo kama kifungo cha shati la mtoto. Na siku hizo Bibi Safia alikuwa na pesa za kununua vipande vingi, maana alikuwa ameuza kiwanja cha Buhongwa alichoachiwa na marehemu mumewe. Pesa hizo zilikuwa na kazi yake: sekondari ya Mastura, na uzee wa Bibi mwenyewe, kwa sababu magoti yalishaanza kuukataa ule mlima. Kiwanja kingine cha kuuza hakikuwepo.

Mastura alikuwa darasa la sita na alipenda kugawanya kuliko kuruka kamba. Aliangalia juu, midomo ikacheza.

"Elfu mbili na mia nne, gawanya kwa mia nne na themanini... Tano!" Aliruka, akapiga teke mfuniko wa ndoo. "Bibi, miaka mitano tu! Faida ya miaka mitano inalipa hisa nzima! Baada ya hapo ni ya bure!"

"Mnamsikia mhasibu wangu?" Khalidi alimnyanyua juu. "Mnamsikia?"

Bibi alimkazia macho mjukuu wake. "Una hakika?"

"Nimegawanya mwenyewe, bibi."

"Haya. Jumamosi Khalidi aende kwa wakala wa hisa. Kiwanja chote kiwe hisa."

Siku hiyo shuleni Mastura hakutembea, alielea. Ilipofika saa nne darasa zima lilikuwa linamwita Meneja. Ni Krupa peke yake, mjukuu wa Mzee Mohanlal aliyekaa naye dawati moja, ambaye alikuwa akijiuma midomo.

"Babu alikusikia asubuhi," Krupa alinong'ona. "Amecheka mpaka miwani ikaangukia kwenye kopo la vifungo."

"Amecheka nini?"

"Njoo umuulize."

Walipotoka shule walikwenda moja kwa moja dukani. Mjomba Khalidi hakuwepo, alikuwa amekwenda kutafuta nyuzi. Bibi Safia alikuwa anasinzia kando ya maandazi ya jioni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, meneja. Hebu niambie, wiki ya Idi hapa dukani inakuwaje?"

"Watu wanajaa mpaka barabarani! Mjomba hapati hata nafasi ya kupiga chafya."

"Sasa mtu aje wiki hiyo tu. Ahesabu mauzo, aseme, kumbe Mohanlal kila wiki anapata hivi, niuzie duka lako kwa bei ya hesabu hiyo. Utamwambiaje?"

Mastura alicheka. "Utatajirika wewe babu, yeye atalia."

"Basi mwaka jana ilikuwa Idi ya Benki ya Ghuba. Waliuza jengo lao la zamani mjini. Wametangaza wenyewe, hawakuficha. Lakini jengo huuzwa mara moja. Mwaka huu watauza nini, ngazi?"

Masikio ya Mastura yalipata moto. "Babu, mbona hukumwambia mjomba?"

"Nilimwambia. Akasema mimi mzee, naogopa." Mzee Mohanlal aliinama chini ya rafu. Yeye alikuwa na hisa chache za benki hiyo tangu zamani, na taarifa walizomtumia kila mwaka alizitandika chini ya majora ya vitambaa ili yasishike unyevu. "Ukitaka kuijua benki, chukua miaka kumi. Humo utakuta mwaka wa pamba nyingi na mwaka wa ukame, mwaka wakopaji wamelipa na mwaka wamejificha. Ichanganye yote, upate wastani."

Krupa alichomoa taarifa kumi, Mastura akaazima chaki ya mjomba wake, wakapiga magoti na kuandika sakafuni. Mwaka mmoja hisa ilipata faida ya shilingi mia moja na ishirini, mwingine arobaini. Kuna mwaka ilipata sifuri, Krupa akaichora ile sifuri na machozi mawili. Jumla ya miaka kumi ilikuwa elfu moja na mia mbili. Wastani, mia na ishirini kwa mwaka.

"Elfu mbili na mia nne gawanya kwa mia na ishirini..." Mastura alishika kichwa. "Ishirini! Si mitano! Bibi, amka! Benki mbovu! Ni miaka ishirini!"

Bibi aliamka kwa kushtuka, akalinda ndoo yake kwanza. Na Mjomba Khalidi ndiyo kwanza alikuwa anapanda ngazi na nyuzi zake.

"Nani mbovu?" aliuliza. "Wewe si ndiye uliyesema mitano? Asubuhi mitano, jioni ishirini. Kesho utatuambia mia?"

"Mjomba, nilikosea. Nilitumia mwaka mmoja tu, tena mwaka wa Idi yao, walipouza jengo."

"Na ukikosea tena? Huyu si mhasibu, huyu ni utabiri wa mvua!"

Wateja waliangua kicheko. Mastura alitamani kuingia ndani ya jora la kitambaa azungushwe humo humo. Lakini Bibi hakucheka.

"Mjukuu wangu," alisema polepole, "pesa hii ni shule yako na ni magoti yangu. Mimi siwezi kununua kitu kwa majibu mawili. Nipe moja."

Wakati huohuo Suzana, muuza dagaa, alikuwa anapanda kutoka ziwani na beseni kichwani. Alisimama mbele ya Bibi.

"Bibi, nipe manne. Hii hapa mia nne."

"Mia nne ni mawili, mwanangu."

"Jamani, bibi! Nilipokuwa nasoma ulituuzia mia mia!"

"Na unga nilinunua kwa bei gani wakati huo? Mia ile ilikuwa inaleta andazi zima. Mia ya leo inaleta nusu. Jina limebaki, mwenyewe amekonda."

Suzana alicheka, akachukua mawili yake akaondoka. Mastura hakucheka. Alikuwa anaitazama sakafu. Pale chini, kwa chaki, alikuwa amejumlisha mia ya miaka kumi iliyopita na mia ya mwaka jana kama mapacha.

"Krupa! Chaki!"

"Unaanza tena?" Khalidi aliuliza.

"Bibi, andazi ulilipandisha lini kutoka mia kwenda mia mbili?"

"Mwaka Khalidi aliponunua cherehani hii."

"Hapana, Mama Khalidi," Mzee Mohanlal alidakia kutoka ndani. "Cherehani ilikuja wakati bado nakunywa chai na andazi la mia. Ulipandisha mwaka uliofuata. Nilinuna wiki nzima."

"Ulinuna wewe? Ulikula matatu siku ileile!"

Walibishana, wateja nao wakachangia, huyu akikumbuka kwa harusi ya dada yake, yule kwa mtoto aliyezaliwa. Mwishowe baraza zima likakubaliana: miaka mitano iliyopita. Kabla ya hapo mia, tangu hapo mia mbili.

Mastura alikata orodha yake katikati kwa mstari mnene.

"Sikilizeni! Miaka mitano ya mwanzo, faida zote za hisa moja ni shilingi mia nne. Andazi lilikuwa mia. Ni maandazi mangapi?"

"Manne," Krupa alijibu.

"Miaka mitano ya mwisho, faida zote ni mia nane. Andazi ni mia mbili."

"Manne tena!"

"Subiri," Bibi alisema, akasogeza kigoda. "Na ile Idi yao ya kuuza jengo imo humo?"

"Imo, bibi. Miaka kumi, maandazi manane. Na bei ya hisa leo ni elfu mbili na mia nne." Mastura alisimama, chaki imemjaa mpaka kwenye nyusi. "Maandazi kumi na mawili!"

Bibi Safia hakuwa na haja ya chaki tena. Alitoa maandazi kumi na mawili kwenye ndoo, akayapanga juu ya mfuniko, kisha akarudisha manne. "Yaani mimi nitoe yale kumi na mawili leo, kwa kitu kilichozaa haya manane kwa miaka kumi?"

"Ndiyo. Kwa mwendo huo, kumi na mawili yanatimia baada ya miaka kumi na mitano. Si mitano, wala si ishirini." Aligeuka kwa mjomba wake, na hapo sauti ikapungua kidogo. "Mjomba, asubuhi nilikosea. Na sasa hivi niliposema benki mbovu nilikosea pia. Benki si mbovu. Bei ndiyo iliyojipamba kama inakwenda harusini."

Khalidi alizungusha gurudumu la cherehani bila kitambaa. "Na kama faida itaendelea kuwa kubwa?"

"Huenda," Mzee Mohanlal alisema. "Wastani si mganga wa kuangalia kesho. Unatuzuia tusilewe, basi. Tena faida yote hupewi mkononi, nyingine benki hubaki nayo ikue. Wataalamu nao hufanya hesabu hiihii, ila badala ya maandazi wana takwimu za mfumuko wa bei, yaani jinsi vitu vinavyopanda mwaka hadi mwaka."

"Mimi nina ndoo," Bibi alisema. "Sinunui kwa kumi na mawili. Ikishuka mpaka manane, niamsheni."

Pesa zikabaki benki kwenye akaunti ya akiba. Usidhani mambo yaliisha hapo, maana baada ya hapo hisa ilipanda! Kila asubuhi Mjomba Khalidi aliitangaza bei kwa sauti ya muuza magazeti: "Kumi na mawili na nusu, mama! Leo kumi na matatu! Tungekuwa matajiri!" Mastura alishusha ndoo, na mteremko ulikoma kula maandazi kabisa, kwa jinsi alivyokosa hamu. Je, kama Bibi amekosa bahati kwa sababu ya chaki ya mjukuu wake?

Kisha taarifa ya mwaka mpya ikatoka. Jengo la kuuza halikuwepo. Faida ya kila hisa ilikuwa shilingi mia mbili, faida nzuri ya kawaida. Lakini waliokuwa wanagombania kununua sasa waligombania kuuza. Kumi na moja. Kumi. Tisa.

Ilikuwa Jumamosi Khalidi alipopanda mawe ya Igogo mbio, suruali ya mteja mkononi ikiwa bado na pini.

"Mama! Elfu moja na mia sita! Ni manane! Manane, mama!"

Mastura alitoka jikoni kama mshale, akasimama ghafla. "Subirini!" Safari hii hakuruka. Kwenye orodha ya miaka kumi aliyoinakili ukutani kwao, alifuta mwaka wa zamani kuliko yote, uliokuwa na faida ya andazi moja, akaingiza mwaka mpya, nao ni andazi moja. "Moja limetoka, moja limeingia. Bado manane. Miaka kumi, bibi! Sasa ruka!"

Nao wakaruka, isipokuwa Bibi kwa ajili ya magoti.

"Nunua kwa nusu ya pesa," alimwambia Khalidi. "Nusu ya shule haiguswi."

"Lakini mama, sasa bei ni nzuri!"

"Ni nzuri. Na benki nayo inaweza kuugua kama mimi."

Jioni ile, barazani, Bibi Safia aliwaweka Mastura na Krupa mbele yake, akampa kila mmoja andazi la moto.

"Kitu kinachozaa msikipime kwa mwaka wake wa sherehe," alisema. "Chukueni miaka mingi, mizuri na mibaya, mkaipime kwa kipimo kimoja kisichobadilika. Na ukigundua umekosea, Mastura, rudi useme, hata kama baraza zima linacheka. Ulirudi mara mbili siku ile. Huko kurudi ndiko kulikookoa pesa ya kiwanja changu, kuliko kugawanya."

Mzee Mohanlal aliligeuza andazi lake kwenye mwanga. "Mama Khalidi, umesema kipimo kisichobadilika. Zamani andazi lako lilijaa kiganja changu. Leo naona vidole."

"Si nilisema mimi!" Khalidi alipiga kelele.

Mastura alilitazama andazi. Akakitazama kiganja cha mzee. Mkono wake ukaanza kutambaa kuelekea kwenye chaki.

"Usithubutu," Bibi alisema, akafunika ndoo.