Nguzo Iliyovishwa Mbao

Wa kwanza kuinusa harufu ile alikuwa mkewe Rula. Walikuwa wamehamia nyumba ile majuzi tu, na mchana huo mumewe, seremala ambaye watu walimpachika jina hilo la Rula kwa jinsi asivyoamini jicho la mtu, alikuwa anaivisha mbao nguzo kuukuu ya ngazi.

"Baba, mbona nguzo inanuka nywele zilizoungua?"

"Uzee huo. Nikishaivisha hutainusa."

Nguzo ilikuwa na misumari saba, imepigiliwa kuizunguka, vichwa vikiwa nje. Ubao haulali sawa juu ya kichwa cha msumari, kwa hiyo Rula akaing'oa yote kwa koleo. Angeitupa, labda ningekuwa nasimulia mengine. Lakini Rula na msumari! Tangu aanze kazi hajatupa hata mmoja. Akainyoosha juu ya jiwe, akapigilia mbao zake nne kwa misumari hiyo hiyo, akapaka vanishi, akarudi nyuma kujisifu. Kusema kweli, ilipendeza.

Asubuhi yake mkewe alikuwa anafagia ngazi, akasita. "Kuna mtu anakuna humo ndani," alinong'ona.

"Mbao zinakauka, mke wangu. Acha woga."

Siku ya tatu akamkuta ameegemeza sikio kwenye mbao, ufagio umeanguka, midomo inacheza, anajibu maswali ambayo Rula hakuyasikia, na alipomgusa bega likawa la baridi kama sakafu, na ile harufu ya nywele zilizoungua, iliyokwisha kuihama nguzo, ikamjia kutoka shingoni mwa mkewe, shingo aliyoizoea miaka yote ile, akaogopa, jamani, akaogopa.

Alikwenda kumleta mganga, bibi mmoja mkali asiyetaka maneno mengi. Bibi akaipapasa nguzo.

"Misumari iko wapi?"

"Niliing'oa, bibi. Nikapigilia hizi mbao."

"Ilikuwa imemfunga jini. Umemfungulia kwa mkono wako mwenyewe, mwanangu."

Rula akazibandua mbao zote, moja baada ya nyingine. Ndani palikuwa na nguzo kavu tu. Bibi akaichomoa misumari, akamwekea kiganjani.

"Alipo ndipo iende," alisema kwa sauti ya chini. "Yote saba. Na aipigilie aliyeing'oa."

Macho yake yalikuwa ngazini. Mkewe Rula alikuwa amekaa kipandio cha tatu, mikono magotini, anatabasamu.

"Bibi, huyo ni mke wangu!"

"Najua."

Mara tabasamu likakatika, sauti ya mkewe ikatoka, yake kabisa, inatetemeka. "Baba, pigilia. Nimemshika, ila nachoka. Fanya upesi, asije akatoka kwenda kwa watu."

Rula akainua nyundo. Akamtazama usoni, mkono ukakataa.

"Siwezi. Nisamehe, mke wangu, siwezi." Alilia kwa kwikwi, misumari ikamdondoka. Bibi akachukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Rula akapanda vile vipandio vitatu, akaketi kando ya mkewe, akamfuta jasho kwa kiganja. Mkono wa mkewe ukamshika taratibu, kisha ukakaza.

"Alikupenda sana," sauti nyingine ikasema kwa kinywa kile kile. "Alikungoja mpaka dakika ya mwisho."