Waya wa Tatu

Testa, bisibisi ya kupimia umeme, iliwaka, na fyuzi ya nyumba nzima ilikuwa mfukoni mwa Bi Koleo.

Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote. Akishazima meni swichi, anachomoa fyuzi na kuitia mfukoni, maana watu hawaaminiki: fundi yuko juu ya ngazi, mtu anakwenda kuwasha apige pasi shati lake. Kwa hiyo alijua hakuna umeme hata chembe kwenye dari ile. Akaitikisa testa, akaigusisha tena kwenye waya mweupe. Ikawaka vilevile.

"Testa za siku hizi," aliguna. "Takataka tupu."

Chini yake, kitandani, mdogo wake wa kiume alilala kifua wazi akihema kwa tabu. Alikuwa amelazwa wiki tatu kwa nimonia, na daktari alimruhusu kwa sharti moja, chumba kisikose hewa. Feni ya zamani, ile yenye taa tumboni, ikaungua juzi, na tangu hapo joto lilikuwa linammaliza. Mama yao alipofariki, Bi Koleo ndiye aliyemlea. Hakumlea ili aje kumzika, na alikwisha kumwambia hivyo usoni.

"Wifi, usiniwekee kama ile ya kwanza," mke wa mgonjwa alisema mlangoni. "Nikizima taa, na feni inazima. Nataka swichi mbili."

Swichi mbili zinataka nyaya mbili za moto zipande darini, na fundi wa zamani alipitisha mmoja tu. Kupitisha mwingine ndani ya bomba la ukutani ni kazi ya kutoa jasho la meno. Ndiyo maana Bi Koleo alifurahi kuuona, zaidi ya ule wa moto na wa nyutro, waya wa tatu, mweupe, umekunjwa darini na kuzongwa tepu nyeusi mizungo saba, na ncha yake ya chini imezongwa vivyo hivyo ndani ya sanduku la swichi. Alikwisha kuubandua tepu pande zote mbili.

"Huo usiuguse," wifi alisema upesi. "Mwenye nyumba alituambia tulipohamia. Fanyeni mtakalo, waya mweupe uacheni."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Hata chai yetu hakunywa."

"Wifi yangu, umeme una waya wa moto na nyutro. Mashetani hauna. Nenda zako jikoni."

Akaunga taa ya feni mpya kwenye waya wa zamani, feni yenyewe kwenye ule mweupe, akaining'iniza, akakaza skrubu na kushuka. Alikuwa anafunika swichi aliposikia mlio juu yake, kama mtu anayevuta hewa kwa meno. Feni ilikuwa inazunguka.

Bi Koleo alijipapasa mfukoni. Fyuzi ilikuwemo.

Mapanga yalizunguka polepole, wala hayakuleta upepo. Pazia liliinuka dirishani likaelekea darini, kwa kuwa feni ile haikupuliza, ilinyonya. Na chumba kikajaa harufu ya chuma na udongo mbichi, harufu ya shimo lililochimbwa asubuhi, na Bi Koleo akatazama kitandani akaona kifua cha mdogo wake kinapanda panga likipita na kinashuka panga likipita, na feni ilipopunguza mwendo kifua nacho kikapunguza, na midomo ya kijana ikaanza kuwa ya kijivu.

"Toba!" Wifi alikuwa amerudi, vidole mdomoni. "Nimwite shehe?"

"Shehe akifika atakuta maiti."

Alinyakua koleo, akapanda ngazi. Hapo ndipo sauti ilipotoka kati ya mapanga, kavu, bila haraka.

"Umenifungua mwenyewe. Pumzi yake na yangu sasa ni moja. Ukikata, naondoka nayo."

Bi Koleo aliogopa, tusidanganyane, aliogopa mpaka ngazi ikagongagonga sakafu. Lakini mama huyu alikuwa na ubishi wa kuzaliwa nao.

"Wewe nani hata unipangie kazi?" alinong'ona.

Kitandani mgonjwa alifumbua macho. Alimtazama dada yake, kisha koleo.

"Dada," alisema kwa shida. "Kata."

"Akisema kweli je?"

"Kata, dada. Hivi siyo kuishi."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Bi Koleo akakata.

Feni ikasimama papo hapo, na kifua cha mdogo wake kikasimama nayo. Wifi alipiga ukelele. Bi Koleo hajui alivyoshuka ngazi; alijikuta kitandani amembana pua mdogo wake, mdomo wake juu ya mdomo wa kijana, akipuliza, akiinuka kutukana, akipuliza tena. "Pumua wewe! Pumua! Nimekubeba mgongoni, sikukubeba bure!" Na wifi naye, machozi yanamtiririka, alisimama akielekeza kidole darini akilitukana lile jini matusi ambayo hakuna aliyejua kwamba anayajua, mpaka mgonjwa alipokohoa kikohozi kikubwa, kibaya, kitamu kuliko wimbo wowote, akavuta hewa mwenyewe.

Hawakupumzika. Bi Koleo aliushika waya mweupe pale kwenye swichi akavuta. Kutoka swichi hadi feni hazikufika mita nne, lakini waya ulikuja, ukaja, mita kumi, ishirini, una joto la mwili, na mara mbili kitu upande wa pili kilivuta kurudi na wifi akamkamata kiunoni wakavuta pamoja, visigino vimekita sakafuni, mpaka ncha ikachomoka imelowa udongo. Wakaukatakata vipande uani na kuuchoma moto.

Jioni ile Bi Koleo alipitisha waya mpya, mwekundu, akauunga, akarudisha fyuzi. Hakuna aliyetaka kubonyeza.

"Washeni," mgonjwa alisema. "Nitakufa na joto sasa, mseme ni jini."

Wakacheka, wakawasha. Upepo ulishuka, upepo wa kweli. Mapanga yalikimbia, na kifua chake kilipanda na kushuka taratibu kwa mwendo wake mwenyewe, usiofanana na feni hata kidogo. Mkewe alilala usingizi pale pale miguuni pake.

Bi Koleo alibaki kitini akiwatazama. Alichelewa kugundua kwamba anahema upesi mno. Akaweka kiganja kifuani. Panga likipita, kinapanda. Panga likipita, kinashuka.

Akaukumbuka mdomo wake juu ya mdomo wa kijana. Hakumwamsha mtu. Alinyoosha mkono, akaizima feni kwa kidole kimoja, akabana pumzi, akayakazia macho mapanga yaliyokuwa yakipunguza mwendo.

"Haya," aliliambia lile jini kimoyomoyo. "Tuone nani atachoka kwanza."